Kaseti Mama

Zena Avuoni, barua yao imefika hapa dukani
kwa kuwa anwani yako ya Malindi haijawahi kuwa nyingine:
sanduku langu la posta, chini ya jina lako.
Wanataka albamu zote nne, wazitoe upya kwenye santuri nzito,
na ya kwanza wanaitaka kutoka kwenye kaseti mama.
Nimeisoma mara tatu. Nimeikunja. Nimechemsha kahawa.

Unakikumbuka chumba cha Barani?
Magodoro sita ukutani, mawili ya kuazima kwa bibi harusi,
feni tumeizima isisikike,
jasho likiudondokea udi wa Bwanaheri.
Jogoo wa jirani akaingia kwenye wimbo wa tatu
tukamwacha, maana utepe uliobaki haukutosha kurudia.
Ukaniambia niandike "Mvua ya Mwaka".
Mkono wangu, kwa haraka au kwa joto,
ukaandika "Mvua ya Mwako"
kwenye vifuniko mia mbili, kwa kalamu ya kijani,
na watu wakaununua huo moto uliotoka mawinguni.
Miaka baadaye mtangazaji alikuuliza maana yake
ukamjibu kwa utulivu, dakika kumi nzima, kuhusu mapenzi.
Nilicheka hadi nikaangusha bisibisi.

Ya pili mliirekodi Nairobi. Kinanda, ngoma za mashine,
na yule mzalishaji aliyekukataza kusema "ndoo":
"Watu watadhani unaita ndoo ya maji, dada. Sema njoo."
Ukasema njoo.
Ikauzwa, ikachezwa hotelini na kwenye saluni,
ikakujengea vyumba viwili na choo cha ndani.
Ila mamako, kule Langoni, aliisikiliza mpaka mwisho
akauliza, "Nani huyu amwigizao mwanangu?"

Ya tatu, ndoo zikarudi. Ndoo tele.
Hakuna aliyeinunua ila mimi na walimu wa Kiswahili.

Ya nne sijui kama ni albamu:
nyimbo tano, baada ya upasuaji, shingo umeifunga kitambaa,
sauti imekupwa
na kuyaacha mawe yake nje.
Hiyo ndiyo niipendayo. Sijawahi kukwambia.

Na hili pia sijakwambia.
Mwaka ule wa fainali niliishiwa kaseti tupu.
Mteja alitaka mechi ya redioni, alishalipa,
na kaseti mama yako ilikuwa rafuni,
vile vijino vyake viwili vya plastiki sijavivunja.
Nikabonyeza.
Vipindi viwili, pande mbili, kelele za uwanja mzima
juu yako.
Mteja hakurudi kuichukua.
Tangu hapo kila nakala iliyoko mjini ni nakala ya nakala,
moja imevaa mvumo wa nyingine kama nguo za mitumba,
na mimi nimeziuza nikikutazama usoni.

Jana usiku niliirudisha utepe kwa kalamu, mashine imechoka,
nikasikiliza mechi yote. Tulifungwa tena.
Kipenga. Mtangazaji anaaga. Mkwaruzo.
Kisha wewe, ghafla, una miaka ishirini na mbili,
huna mvumo, u karibu kama uliyeketi kwenye benchi la wateja:
mkia wa neno, pumzi,
udi unajimalizia wenyewe,
na sauti yangu, nyuma kabisa, changa hadi nikaionea haya:
"Imetosha?"
Na wewe: "Bado."

Sekunde kumi na moja. Ndizo nilizo nazo.
Hawa wa barua sijawajibu.
Ndoo kwanza uzisikie,
kisha unitukane kwa Kiamu, polepole, nielewe.